Wiki ya Kliniki

Wapendwa, leo nataka niwape habari za mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Msigeuze shingo kumtafuta humu ndani, hayupo. Au kama yupo, mtajua wenyewe.

Mwalimu huyu alijua kumpokea mkaguzi. Enzi zake, barua ya ukaguzi ikifika, wiki nzima ni chokaa kwenye mawe na fagio kila kona, na maandalio ya masomo ya mwezi mzima yanaandikwa kwa siku mbili. Mkaguzi anakuja, anasifu, anaondoka. Jumatatu kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Msicheke sana, wengine mmesoma shule hizo hizo.

Alipostaafu akapatikana na presha. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na kliniki kila baada ya miezi mitatu. Na mazoea yana taabu: akaiona kliniki kuwa ni ukaguzi. Vidonge vikakaa kabatini. Ikibaki wiki moja anaanza kumeza, chumvi anaiweka kando, analala mapema. Siku ikifika, presha imeshuka, nesi anamwambia, "Hongera mwalimu, wewe unajitunza." Na msinitajie mficha maradhi na kilio chake, methali hiyo alikuwa akiifundisha yeye darasani.

Mkewe naye akapatikana na presha. Jioni moja tu, wakiwa mezani, mzee akampa siri. "Mama, usijichoshe na dawa kila siku. Dawa ni za wiki ya kliniki." Mama wa watu akashika. Mumewe ni mwalimu, atakosea vipi?

Sasa mwaka huu, siku chache kabla ya kliniki, mzee amekaa sebuleni na gazeti lake, akasikia moyo unapiga ovyo. Unapiga, unapiga, unanyamaza. Halafu unahangaika kama kuku aliyefungiwa tengani. Akaweka gazeti chini. Aliogopa, wapendwa, aliogopa sana, na hakumwambia mtu.

Kliniki akamkuta daktari mpya, binti aliyewahi kusoma shuleni kwake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Presha ikapimwa, nzuri. Lakini binti akamshika mkono, akahesabu mapigo, akarudia kuhesabu. Akamlaza, akamwekea nyaya kifuani, mashine ikachora. Kisha akaagiza atolewe damu.

"Damu ya nini tena?" mzee akauliza. "Si umeona presha iko sawa?"

"Presha imenieleza ya leo asubuhi, mwalimu. Mapigo yako hayafuatani. Damu itanionyesha kama moyo umekuwa ukielemewa."

Mmewahi kusubiri majibu, ninyi? Mzee alikaa kwenye benchi, akishtuka kila mlango ukifunguliwa. Mtu anaweza kuuandaa mkono wake upimwe. Damu ataiandaaje? Mkewe, aliyekuwa pembeni akingoja zamu yake, akamnong'oneza, "Unaogopa nini, baba? Si tumemeza wiki nzima?"

Akaitwa. Daktari alikuwa akiitazama karatasi ya majibu, uso umemkunjamana.

"Moyo umeelemewa, mwalimu, na haikuanza wiki hii. Sielewi. Unameza kila siku na bado hali ni hii? Basi itabidi nikuongezee dawa."

Angenyamaza tu, aibu ingeishia hapo hapo, na angetoka na dawa alizoongezewa juu ya uongo. "Mwanangu," akasema, "mimi nameza wiki ya kliniki tu." Akalia, mtu mzima, mbele ya mwanafunzi wake.

Binti hakumgombeza. Akamweleza kwamba moyo unaopiga vile unaweza kugandisha damu, na donge likienda kichwani ni kiharusi. Akamwandikia dawa ya kuzuia damu isigande, na zile za presha, za kila siku kwelikweli safari hii. "Tutakusaidia, mwalimu. Ila leo nenda taratibu, usijikimbize."

Mzee akatoka mwepesi. Amekiri, hakutukanwa, ana dawa mkononi. Hapa wengi wetu tungeimba pambio tukaenda nyumbani.

Nje akamkuta mkewe ameshapimwa, anacheka, kikapu mkononi.

"Nimepita, baba! Twende."

"Mama, ngoja. Nilikudanganya. Rudi ndani uwaambie ukweli."

"Ukweli gani? Mimi sisikii chochote. Huyo mtoto amekutisha tu." Akamtazama kwa huruma. "Si wewe uliyenifundisha? Na mbona nimepita?" Akageuka, akashika njia ya getini.

Yule aliyeambiwa asijikimbize akaanza kukimbia, mkono kifuani, akimwita mkewe mbele ya watu, na mama hageuki.

Ndugu zangu, sisi kutubu ya kwetu tunajua. Tunapiga magoti, tunalia, tunainuka wepesi. Je, yale tuliyowafundisha wengine? Umesamehewa, sawa, lakini uongo wako bado unatembea kwa miguu ya mtu mwingine, na mtu huyo ana amani kabisa, kwa sababu anakuamini.

Mtaniuliza, alimfikia? Mimi nakuuliza wewe: wako yuko wapi sasa hivi? Kama jina lake limekujia, usingoje nimalize kuomba. Simama, utoke, umfuate. Hakuna atakayekucheka.