Mtengeneza Ngozi na Mgeni Aliyesakwa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mtengeneza ngozi mcha Mungu akiitwa Mundhiri, pamoja na mkewe, Bibi Rababu. Nyumba yao ilinuka. Nasema hivyo bila kuwavunjia heshima, maana ngozi mbichi hainukii uturi, na hata majirani waliowapenda waliwapendea mbali. Bibi Rababu mwenyewe hakukubali mumewe amguse kabla hajasugua mikono kwa majivu.

Alasiri moja Ghailani, mchambua pamba, alibisha hodi akihema. Alikuwa amesema hadharani sokoni kwamba kodi ya nafaka aliyoweka liwali ni dhuluma, na askari walikuwa wakimtafuta wamchape. "Nimekimbilia kwa Mwenyezi Mungu, kisha kwenu," alisema. Wakamkaribisha, wakala naye, wakaswali naye Magharibi na Isha. Baada ya Isha ghala la liwali likashika moto, nao wote watatu wakauona wakiwa uani.

Asubuhi mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba aliyelichoma ghala ni Ghailani, na atakayempa hifadhi atakatwa mkono wa kulia. Bibi Rababu akautazama mkono wa mumewe, ule uliokwangua ngozi na kuwapatia riziki. Alijua fika kwamba mgeni hakuvuka kizingiti tangu alasiri. Lakini nani angewasikiliza watu waliomficha?

"Akitoka watamuua," alisema Mundhiri.

"Basi na akae," akajibu mkewe.

Askari wakaja. Mkuu wao alijiziba pua kwa kilemba, wala hakushuka kwenye farasi. "Mundhiri, Ghailani yumo humu? Sema la, twende zetu. Harufu hii itatuua."

Nyuma ya pazia, Bibi Rababu alimwomba Mola amtie mumewe neno hilo moja kinywani.  Mkuu hakungoja jibu, akageuza farasi.

"Ngoja, mkuu," akasema Mundhiri. "Yumo. Ni mgeni wangu na hana kosa. Tupeleke sote wawili kwa kadhi."

Bibi Rababu akapandwa na hasira. "Neno moja tu, bwana wangu. Mdomo uliponza kichwa, na wako umekuponza mkono."

"Nikiukosa mkono, Rababu, nitaswali bila mkono," akamjibu kwa upole. "Ulimi ukiharibika, nitamwomba Mola kwa kitu gani?"

Bibi Rababu akawafuata hadi barazani kwa kadhi, akilia njia nzima. Mundhiri akaapa kwamba Ghailani alikuwa kwake tangu alasiri, na kwamba moto waliuona pamoja. Karani wa liwali akacheka: "Huu ni ushahidi wa mtu aliyemficha mhalifu. Ana lipi la kupoteza kwa kuongeza uongo?"

Hapo mkuu wa askari akasogea mbele. "Ewe kadhi, mimi nilikwisha kugeuza farasi. Yeye ndiye aliyeniita nirudi."

 Kadhi akasema, "Mtu aliyeutoa mkono wake ili asiseme uongo, hawezi kuusema leo kwa ajili ya mwenziwe. Ghailani hana hatia. Na aliyemhifadhi asiye na hatia hana adhabu. Nendeni zenu kwa amani."

Bibi Rababu aliketi chini palepale, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi. Mundhiri alipomwinamia ili amwinue, mkewe aliushika ule mkono wa kulia, haujaoshwa wala kusuguliwa majivu, akauweka shavuni pake na kuuacha hapo.

Ndugu zangu, lile "la" alilolitamani mama yule lingewapa salama ya siku moja, kisha lingeufunga mlango pekee uliobaki wazi, wa kuaminiwa na kadhi. Alimwomba Mola neno moja, Naye kwa rehema Yake akampa jingine. Basi tunapoomba, tumwachie Yeye achague.