Theluji Haibebi Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale, Kibo kikiwa bado kimejifunika theluji mpaka mabegani, si kipara hiki mnachokiona leo, bibi harusi alikuwa hakanyagi chini. Alibebwa mgongoni na mkara, mtu wa miraba minne, kutoka kwao hadi mlangoni kwa mama mkwe.

Manka alikuwa anaolewa upande wa pili wa mlima. Mkara wake, Mshiu, alikuwa na nguvu za fahali na majivuno ya jogoo. Mafuriko yalikuwa yamezoa daraja, basi wakapita juu, kwenye mteremko mweupe. Pimbi akachungulia mwambani.

"Mshiu! Theluji ya jana imelalia barafu ya zamani, hazijashikana. Piteni mmoja mmoja!"

"Nimshushe bibi harusi? Watu watanicheka!"

Akapiga hatua. Theluji ikaguna: wuu!

"Mmoja mmoja!"

"Nyamaza, wewe usiye na mkia!"

Hatua ya pili. Wuu! Ufa ukakimbia mbele yao.

"Mmoja mmoja!"

"Kaka, nishushe," Manka akasema. "Nataka kuolewa nikiwa hai."

"Ng'o!"

Manka akajirusha, akatambaa hadi mwambani kwa Pimbi. Mshiu akamfuata akifoka. Hatua ya tatu, mlima ukaachia. Jamani! Mteremko mzima uliporomoka, ukamfukia Mshiu wa watu.

Manka akalia. Pimbi akanusa huku, akanusa kule, akaita: "Hapa!" Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Likatoka sikio, ikatoka pua, nayo inapumua. Lakini mguu ulikuwa umevunjika.

Jioni mama mkwe alikuwa mlangoni na siagi ya kumpaka mgeni wake. Akaona msichana anahema, nyayo zimepasuka kwa baridi, mgongoni kabeba jitu zima linalia.

"Yewomi! Bibi harusi ni yupi hapa?"

"Ni huyu aliyenibeba, mama," Mshiu akasema, macho chini.

Mama akacheka hadi machozi. Kisha akapiga magoti, akazipaka siagi nyayo za Manka, polepole, moja baada ya nyingine.

Mteremko ule nilionyeshwa na bibi yangu, ukiwa mweupe. Juzi nimepita, ni mawe matupu. Theluji ile ilikuwa muuaji, wajukuu zangu, lakini naililia.

Hadithi yangu imekomea hapo.