Asante ya Mwimbaji wa Panki

Ndugu zangu, katika mji mmoja walikuwako vijana watatu, wa kwanza kabisa kupiga panki pale kwao. Msicheke! Ule muziki wa magitaa kunguruma na mwimbaji kufoka kama nyumba yake inaungua. Mmoja aliimba, mmoja alipiga gitaa, na nyuma yao alikaa dada mmoja mpiga ngoma. Vijana waliojiona hawana kwao walijaa ukumbini kuwasikiliza.

Basi sifa zikampanda mwimbaji kichwani. Akihojiwa redioni husema, "Bendi yangu." Mpiga gitaa akachoka, akaenda zake. Mitindo mipya ikaingia, watu wakapungua. Mwimbaji akamlaumu dada: "Wewe ndiye unayetuharibia!" Dada akaendelea kupiga ngoma yake. Je, wewe ungeendelea?

Jumapili moja alasiri wakapanda jukwaani. Viti vitupu, watu wa kuhesabika. Mwimbaji akanong'ona, "Tufunge, twende nyumbani."

"Hawa waliokuja wamekosa nini?" dada akamjibu. "Tuwapigie."

Katikati ya wimbo sauti ya mwimbaji ikakatika. Gitaa hakuna, maneno hakuna. Dada akaendelea kupiga, akapiga, mpaka wale wachache wakasimama na kuuimba wimbo wenyewe. Ndipo mwimbaji akageuka nyuma. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kumtazama akipiga! Akamwona amelowa jasho, vidole vimefungwa plasta, na bado anatabasamu.

Wimbo ulipokwisha akamwendea. "Dada, asante. Wewe ndiye uliyetubeba."

Dada akatokwa na machozi. "Neno hilo nimelingoja tangu tuanze. Nashukuru nimelisikia. Lakini leo nilikuja kuaga, kaka."

Mlidhani bendi itafufuka, sivyo? Haikufufuka. Ilikufa jioni ile. Wakakumbatiana, wakabeba ngoma pamoja hadi nje, na hadi leo hakuna mwenye kinyongo.

Sasa sisi je? Mungu ametuzungushia watu wanaotubeba: mke, kaka, mama anayekutaja katika sala kila alfajiri. Tunakula jasho lao, halafu tunasema "nyumba yangu", "kazi yangu". Mimi namshukuru Mungu kwa bendi ile iliyovunjika, maana ilivunjika kwa asante. Ni ndoa ngapi, ni undugu wa wangapi, umevunjika bila hata hiyo?

Ibada ikiisha, usikimbilie chakula. Mtafute mtu wako, umshike mkono, umwambie asante. Mwambie leo, angali anaweza kukujibu.