Bi Pimbi Achagua Kreni ya Arusi

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Sema wewe, masikio tumekuja nayo!
Nikitia chumvi?
— Tutalamba!
Nikidanganya?
— Danganya vizuri!

Basi, zamani za juzijuzi, wanyama wakiwa wamekwisha kujua kupiga picha za video, palikuwa na Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mviringo kama kiazi, mkia hana, anapenda kukaa juu ya majabali akiota jua. Watu wakitaka kumdharau mtu humwita pimbi. Lakini huyu ukimdharau alikutazama tu, jicho kavu, mpaka wewe mwenyewe ukajiona umepungua.

Bi Pimbi ndiye aliyekuwa mpiga picha wa bonde zima. Kamera ilikuwa yake. Lakini kreni ilikuwa ya Bwana Kiboko.

Kreni ni ule mkono mrefu wa kuinulia kamera, ipande, ishuke, ipite juu ya vichwa vya watu. Ya Kiboko ilikuwa ya chuma. Wajenzi wa daraja waliitupa, naye akaiburuta mpaka kwake, kwara kwara kwara, akasema, "Yangu." Kisha akatoa amri: "Bonde hili, kamera haipandi juu ila kwa kreni yangu. Na kila mwenye sherehe atanipa mimi sahani ya kwanza, na mbele ya kamera nitakaa mimi."

Wanyama wakasema, "Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Swala akaoza binti yake. Kiboko akala sahani ya kwanza, akakaa mbele ya kamera. Nungunungu akaoza. Kiboko akala sahani ya kwanza, na ya pili, na ya bwana arusi, akakaa mbele ya kamera. Ukitazama video ya arusi yoyote ya bonde lile unaona mdomo wa Kiboko, meno ya Kiboko, tumbo la Kiboko, na huko pembeni, kama una bahati, ncha ya shela.

Sasa, Bi Pimbi alikuwa na mama yake, bibi kizee, miguu imekufa, anaishi pangoni juu kabisa ya majabali. Hashuki. Arusi za wajukuu aliziona kwenye kitambaa cheupe tu, akiletewa video. Alipoolewa mjukuu wake mkubwa, walimpelekea. Bibi akatazama, akatazama, akauliza, "Huyu ndiye bwana arusi?"

"Hapana, mama. Huyo ni Kiboko."

"Namshukuru Mungu. Na mjukuu wangu yuko wapi?"

Mjukuu haonekani. Tena ile kreni ilikuwa imeshika kutu, kila ikisogea inatetemeka, na picha nayo, wiriwiri, wiriwiri! Bibi akapata kizunguzungu, akatapika, akageukia ukutani. Hakulia kwa sauti. Bi Pimbi akayaona mabega yake yakitikisika tu, na jambo lile likamkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Ikafika zamu ya Siwema, kitinda mimba wa Bi Pimbi. Bibi akatuma salamu: "Huyu nimwone kabla sijafa. Nimwone taratibu, kama ninavyolitazama bonde nikiwa hapa juu."

Kabla salamu hazijapoa, Kiboko huyo. "Nasikia kuna arusi. Kreni yangu iko tayari. Na tumbo langu liko tayari."

"Sitaki," akasema Bi Pimbi.

"Unasemaje?"

"Nimesema sitaki. Kreni nitachagua mwenyewe."

Kiboko akacheka mpaka maji ya mto yakapiga kingo. "Chagua! Utarudi kwangu kwa magoti."

"Bwana Kiboko, miguu yangu ndiyo hii. Hata nikipiga magoti hutaona tofauti."

Akamgeuzia mgongo, akaondoka akiimba:

Udogo ni wa mwili, kinywa hakina udogo,
Sitaki, sitaki, hata uning'oe kwa gogo!

Tuimbe wote!
— Udogo ni wa mwili, kinywa hakina udogo, sitaki, sitaki, hata uning'oe kwa gogo!

Kwanza akaenda kwa Twiga. "Dada Twiga, una shingo ndefu kuliko zote. Niazime iwe kreni." Twiga akakubali kwa moyo mweupe. Wakamfunga kamera kichwani. Shingo ikapanda juu, taratibu, vizuri kabisa! Bi Pimbi akaanza kutabasamu. Mara Twiga akauona mgunga. Nyofu, nyofu, nyofu! Akitafuna, picha inapanda na kushuka. Nzi akamwingia puani. Chyaa! Picha ikaenda mbinguni ikarudi.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema Twiga.

"Huna kosa, dada. Ila mama yangu atatapika."

Akaenda kwa Chatu. Chatu alikuwa laini, hana mtikisiko hata chembe. Akainuka na kamera polepole, polepole, akafika juu, akasinzia. Walipomwamsha aliuliza kama bwana arusi ni mnene. Bi Pimbi akafungua kamera yake, akaaga kwa adabu, akaenda haraka.

Siwema akamwambia, "Mama, basi. Twende kwa Kiboko. Nitaolewa hata nisionekane."

"Utaonekana."

"Lakini mama, kila mtu anasema ndiyo."

"Kila mtu na mdomo wake. Wangu haujui neno hilo."

Nyuma ya majabali palikuwa na gogo refu la mvule, mafuriko ya zamani yalilileta yakaliacha juu ya mgongo wa jabali. Upande mrefu umeinamia uwanja wa arusi, upande mfupi umebaki nyuma. Bi Pimbi alilitazama gogo lile tangu asubuhi mpaka jua likamchoma pua. Akaelewa. Kamera ikae kwenye ncha ndefu, mzigo ukae kwenye ncha fupi. Mzigo ukitosha, gogo litasimama sawasawa kama mizani, na kamera itakwenda kwa kuguswa tu.

Wakafunga kamera. Wakapanga mawe nyuma. Mawe yakabingirika, porororo, mpaka mtoni. Wakayapanga tena. Porororo! Pimbi wote wa ukoo wakakalia ncha fupi, mashangazi, wajomba, watoto. Gogo halikusema hata nyi.

"Tunataka mzigo mzito, mama," akasema Siwema, "usiobingirika, ukae mahali pamoja."

Bi Pimbi akatazama mtoni. Puani mwa Kiboko mapovu yanatoka, blu, blu, blu.

"Mzigo upo," akasema. "Tena una miguu."

Siku ya arusi ikafika. Ngoma zinalia, vigelegele vinapasua anga. Mara ardhi ikatikisika, gu, gu, gu. Kiboko amekuja. Akaliona gogo, akaiona kamera kwenye ncha, na macho yake yakawa mekundu.

"Nilisemaje? Kamera haipandi ila kwa kreni yangu! Gogo hili ninalivunja sasa hivi!"

Ngoma zikanyamaza. Bi Pimbi alikuwa amekaa juu ya gogo, na mguu mmoja tu wa Kiboko ungemfanya kuwa mkeka. Lakini alimkumbuka mama yake alivyogeukia ukutani, akasema:

"Livunje. Basi nikamwambie Faru kiti chake kimevunjika."

"Kiti gani?"

"Cha mkuu wa arusi. Kile pale nyuma, juu ya gogo. Anayekaa pale, kamera haiendi popote bila yeye. Akikaa yeye, inapanda. Akiinama yeye, inashuka. Wengine walisema tumpe Kiboko. Mimi nikasema Faru, kwa sababu Kiboko siku hizi amekonda."

"Nani amekonda?"

"Ndivyo wanavyosema watu."

"Mimi! Nimekonda!" Kiboko akajitazama tumbo upande huu, akajitazama upande ule. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na chakula?"

"Masinia yote yatapita pale."

Kwa nyuma jabali lilikuwa na mteremko. Kiboko akapanda, gu, gu, gu, akihema kama mvukuto. Akakaa. Puu!

Ncha ndefu ikainuka, nyiiii! Bi Pimbi akalikumbatia gogo kwa miguu yote minne, tumbo likabaki chini, mwenyewe akaenda juu. Akafumba macho. Alipoyafumbua, bonde lote lilikuwa chini yake: uwanja, wageni, na Siwema katikati na shela yake. Gogo limetulia. Akaliegemea kidogo kulia, likazunguka kulia, laini kama samli.

Sinia alikabidhiwa Kobe, maana Kobe hana haraka. Bi Pimbi akipiga mbinja, fyuu, Kobe anasukuma sinia la matikiti mbele ya Kiboko, mbali kidogo, polepole. Kiboko ananyoosha shingo, anainama, anainama, uzito unakuja mbele, na kamera inashuka, taratibu, mpaka usoni kwa bibi arusi. Kiboko akilipata tikiti anarudi nyuma kulitafuna. Mfyonyo, mfyonyo! Kamera inapanda, taratibu, mpaka wageni wote waonekane.

Fyuu! Kamera ikashuka kwa bwana arusi. Mfyonyo! Ikapanda.
Fyuu! Ikashuka kwa mashangazi wanaocheza. Mfyonyo! Ikapanda.

Twiga akanong'ona, "Mdogo wangu, hii haitikisiki kabisa."

"Ina tumbo zuri," akajibu Bi Pimbi.

Lakini mlafi naye huchoka kukaa. Wakati bwana arusi anafunua shela, Kiboko akasema, "Mbona simwoni mtu akinipiga picha mimi? Ninashuka." Akaanza kuinuka. Gogo likalia, krrr! Ncha ndefu ikaanza kuanguka, Bi Pimbi na kamera yake wanakwenda chini kama jiwe.

"Bwana Mkubwa!" akapiga kelele. "Mkuu huonekana mwisho! Kobe, ndizi! Ndizi zote!"

Kobe, ambaye maishani mwake hakuwahi kufanya haraka, siku ile alifanya. Mkungu mzima, tii, mapajani kwa Kiboko. Kiboko akakaa. Puu! Kamera ikatulia juu kidogo ya uso wa Siwema, shela inafunguka, na Siwema anacheka. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote.

Kesho yake wakampelekea bibi video pangoni. Wanyama wote wakaja, na Kiboko naye akaja, amejipaka tope jipya, anataka kujiona. Wakatundika kitambaa cheupe. Wakawasha mashine ya kuonyeshea picha. Lakini jua lilikuwa linaingia mlangoni, picha haionekani vizuri.

Kiboko akafika mlangoni. Mlango wa pango ni mkubwa kwa pimbi, mdogo kwa kiboko. Akasukuma kichwa, hmmm! Kikaingia. Mabega yakagoma. Mlango ukaziba wote, pango likawa giza, na picha ikang'aa.

Bibi akatazama. Bonde likapita mbele yake taratibu, kama analitazama kutoka juu ya jabali lake. Ngoma, wageni, mashangazi. Kamera ikashuka, ikashuka, shela ikafunguka.

"Siwema wangu," akasema bibi. "Kumbe ana mwanya kama wangu." Akacheka na machozi yanashuka, wala hakuyafuta.

Mlangoni Kiboko akanguruma, "Na mimi niko wapi?"

Bi Pimbi akasimama mbele ya mdomo ule mkubwa. Mbele ya meno yale alionekana kama tonge. "Ulikaa, ulikula, ukashiba. Sura yako haikualikwa."

"Arusi irudiwe! Irudiwe leo! Nimeamuru! Mmesikia?"

Kiboko akangoja wamwambie ndiyo, Bwana Mkubwa. Swala akatazama dari. Nungunungu akajikuna. Twiga, aliyekuwa nje, akaendelea kutafuna mgunga. Kisha Kobe, polepole, akaanza kuimba:

Udogo ni wa mwili, kinywa hakina udogo...

Na pango zima likaitikia:
— Sitaki, sitaki, hata uning'oe kwa gogo!

Kiboko akataka kutoka. Akavuta kichwa, kikakwama; akavuta tena, kwaa! Akarudi mtoni bila kutazama nyuma. Chubwi!

Jua likaingia tena pangoni. Bibi akapepesa macho. "Nani aliyekuwa ameziba pale?"

"Pazia tu, mama," akasema Bi Pimbi. "Limeanguka."

"Basi lirudisheni," akasema bibi. "Nataka kuiona tena."

Sasa, watoto, hadithi haina budi kuwa na funzo, na la hii ni hili: waheshimuni sana wakubwa. Msibishane nao, wapeni viti vya juu, tena viwe vya nyuma. Na msiukemee ulafi hata siku moja, maana bila mlafi kamera haipandi. Na wewe uliye mdogo, jifunze kusema ndiyo kama Bi Pimbi.

Hapa nimeufunga mdomo wa gunia. Utamu uliobaki?
— Tutaulamba!
Na uchungu?
— Mpelekee Kiboko!