Tulikuwa Tukionana Nyuso

Kilicho mvunguni hakimfuati mtu aliyesimama wima. Anayekitaka hana budi kupinda mgongo, hata kama mgongo wenyewe umezoea kunyooka mbele za watu. Mgongo wa Godlisten ulikuwa wa namna hiyo.

Alikuwa amefundisha sarufi kwa miaka ishirini na miwili katika shule moja ya sekondari huko Machame, Kilimanjaro. Sasa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee mjini Hyattsville, Maryland. Aliwaogesha wazee, aliwavisha, aliwalisha. Kazi hiyo hakuionea haya. Ila jambo moja alikuwa amesafiri nalo kutoka nyumbani na hakukubali kuliweka chini: kuitwa Mwalimu.

Miongoni mwa wazee wake alikuwamo Doña Ofelia, bibi wa miaka themanini na sita kutoka El Salvador. Huyu alikuwa amesafisha ofisi za Washington kwa miaka arobaini na Kiingereza alikijua vizuri. Maradhi ya kusahau yalipomwingia, yalianza kumnyang'anya Kiingereza. Akabaki na Kihispania cha utotoni.

Kila adhuhuri Godlisten alimpelekea chakula chumbani kwa mikono miwili. Alimnawisha, alimtandikia kitambaa, kisha aliondoka na kuurudisha mlango taratibu. Alivyolelewa yeye, mzee hakodolewi macho anapokula. Huandaliwa, kisha huachwa ale kwa heshima yake. Alipogeuka kuondoka, bibi alimshika mkono wa shati na kunong'ona jambo, macho yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Godlisten hakuelewa. Alitabasamu na kwenda zake. Baada ya nusu saa sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

Bibi alikonda, akawa mwepesi kama ganda la muhindi. Mwanzoni mwa Machi, Marta, bintiye, alileta habari nzito.

"Daktari amesema mwezi ukiisha bila uzito kupanda, mama atahamishiwa nyumba ya wagonjwa, alishwe kwa mpira," alisema. "Wewe ndiye anayekushika shati. Anakuambia nini? Mimi nikiwapo hunyamaza."

Godlisten alieleza kwamba haelewi Kihispania. Yesenia, mpishi, naye Msalvador, aliwahi kuitwa asikilize. Bibi alifumba mdomo. Maneno yake alimwekea yule aliyekuwa akileta chakula na kuondoka.

Jambo hilo lilimkosesha Godlisten raha, kwa maana lilifukua kaburi. Mama yake, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akimuuliza kwa simu swali lilelile: "Godi, umekula na nani?" Si umekula nini, umekula na nani. Naye alikuwa akijibu, "Nimekula, mama," akiwa amesimama peke yake katika jiko la nyumba ya kupanga, kijiko mkononi. Mama alizikwa mwanawe akitazama kwenye simu. Swali lilibaki bila jibu.

Akanunua kitabu cha Kihispania. Humo alikuta kwamba lugha hiyo ina namna maalumu ya kutaja mambo yaliyokuwa yakifanyika siku zote na sasa hayafanyiki tena. Vitenzi karibu vyote hufuata kanuni; vitatu tu ndivyo vikaidi: kuwa, kwenda na kuona. Godlisten alitabasamu. Vitatu! Alivikariri ndani ya basi kutoka Landover: era, iba, veía. Baada ya siku mbili vilimtoka kinywani kama Sala ya Bwana.

Siku ya tatu alisimama kando ya meza ya Doña Ofelia, kifua mbele, akatega sikio. Maneno yalimpita kama mvua juu ya bati. Hakuweza kutenga tone na tone.

"Mwalimu, hiyo kitabu imekushinda?" aliuliza Nkatha, muuguzi kutoka Meru, walipokutana kwenye ujia. "Si uende kwa Yesenia akufunze?"

"Nifundishwe sarufi na mpishi? Yule aliacha shule darasa la nne."

"Sawa. Na wewe na digrii yako, umeskia shosho anasema nini?"

Godlisten aliondoka kwa hatua ndefu. Swali lilimwasha kama upupu.

Jumatatu Doña Ofelia alipandishwa kwenye mizani. Alikuwa amepungua pauni mbili nyingine. Godlisten aliitazama namba ile, akaitazama mikono ya bibi iliyokuwa imebaki mishipa, kisha akashuka ngazi hadi jikoni. Alikivua kitambulisho chake cha kazi, kile kilichoandikwa jina na cheo, akakitia mfukoni.

"Dada Yesenia," alisema, "naomba unifundishe."

Yesenia alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu. "Hapa hakuna dawati, Profe." Akamkabidhi kisu na ndoo ya viazi. "Haya. Niambie, mama yako alikuwa akifanya nini asubuhi?"

Godlisten alikohoa, akanyoosha shingo na kuanza: yo iba, tú ibas, él iba...

Yesenia alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Nakuuliza habari za mama yako, wewe unaniitia majina ya askari gwarideni! Nani alikuwa akienda? Wapi? Akiwa amebeba nini?"

Uso ulimwaka. Alitamani kukitupa kisu. Badala yake akainama, akachukua kiazi kingine, akajaribu: mama alikuwa akienda mferejini, amebeba ndoo.

"Mara ya pili. Haraka, kama mtu mwenye mama."

Kwa wiki mbili na nusu mapumziko yake yote yalikwisha juu ya ndoo ya viazi. Alikosea, waosha vyombo wakacheka. Alirudia, wakacheka tena, naye akajifunza kucheka pamoja nao. Yesenia aliiga sauti za bibi zake. "Wazee wetu huumeza mwisho wa neno," alimfunza. "Usiusubiri. Sikiliza kinachobaki."

Siku moja Godlisten alishtukia kwamba kisu kilikuwa kimesimama mkononi. Alikuwa amezungumza kitambo kirefu bila kuhesabu kitenzi hata kimoja: mama alikuwa akiwasha moto kabla ya jogoo, alikuwa akiimba bila sauti, alikuwa akigoma kunyanyua kijiko mpaka mtoto wa mwisho arudi kutoka shule. Hakuna aliyecheka. Yesenia alijifuta macho kwa aproni na kusingizia vitunguu, na siku hiyo vitunguu havikuwapo.

Ijumaa iliyofuata Godlisten alipeleka chakula kama kawaida. Alipogeuka, bibi alimshika shati. Safari hii hakusimama. Alipiga magoti, viungo vikalia kama kuni kavu, akashusha sikio hadi karibu na midomo ya bibi.

"Éramos siete," alinong'ona Doña Ofelia. "Íbamos todos a la mesa. Nos veíamos las caras."

Vitenzi vitatu vikaidi vilikuwa vimekaa mahali pamoja. Tulikuwa saba. Tulikuwa tukienda mezani sote. Tulikuwa tukionana nyuso.

Kisha bibi aliutazama mlango. Godlisten naye akautazama mlango ule, ambao kwa miezi saba alikuwa akiurudisha taratibu, kwa heshima zote, na kumfungia mwanamke huyu na upweke wake.

Alikimbia kuchukua mkebe wake wa makande. Aliporudi alimuuliza, kwa Kihispania cha jikoni, "Nawe ulikuwa ukiketi upande gani?"

Bibi alionyesha dirishani. Godlisten akamsogeza huko, akavuta kiti, akaketi mkabala naye. Bibi hakugusa chakula, alikuwa akingoja. Godlisten alielewa. Alipiga moyo konde, akafanya ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alitangulia kula mbele ya mzee. Hapo Doña Ofelia alichukua mkate wake wa mahindi, akaumega katikati, akampa nusu. Aliupokea kwa mikono miwili.

Siku ya mwisho ya Machi mizani ilionyesha pauni moja na nusu zaidi. Daktari aliifuta safari ya nyumba ya wagonjwa, na Marta, akilia na kucheka, aliuliza Kihispania kile kilifunzwa chuo gani.

"Mwalimu wangu yuko chini," Godlisten alijibu, "anakaanga ndizi."

Adhuhuri hiyo, mkabala na bibi aliyekuwa akitafuna polepole, alijibu kimoyomoyo swali la miaka mingi: "Nimekula na Doña Ofelia, mama." Jibu hilo hakulipata ndani ya kitabu wala akiwa amenyoosha mgongo. Alilipata juu ya ndoo ya viazi, na kwa magoti, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.