Programu ya Watu Mia Mbili

Wapendwa, hebu niazimeni masikio kidogo. Kulikuwa na katibu mmoja wa jumuiya, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka. Jumuiya yake ilikuwa ya watu tisa tu. Kila Jumatano jioni walikutana kwenye simu wakionana sura, kwa sababu bibi mmoja kati yao alikuwa amevunjika nyonga na hatoki kitandani. Programu yao ilikuwa ndogo, ya kupigiana video basi. Wote wanasalimia kwa mpigo, huku mtoto analia, kule sufuria inaanguka, na katibu kichwa kinamuuma.

Siku moja akahudhuria mkutano wa dayosisi mtandaoni. Watu mia mbili, kimya kabisa! Kila mmoja sauti yake imefungwa mpaka mwenyekiti amfungulie. Katibu akaipenda programu ile mno.

"Kama inawatosha mia mbili," akamwambia mkewe, "sisi tisa itatushinda?"

"Wale walikwenda kusikiliza," mkewe akasema. "Sisi huwa tunaongea."

Likaingia sikio hili, likatokea lile. Akaihamishia jumuiya kwenye programu ile, na wiki tatu akafungua mkutano, akasoma neno, akaomba, akafunga. Alifurahi kweli, wala simlaumu. Nani hapendi utulivu?

Jumapili akaenda kumjulia hali bibi, akitarajia sifa. Bibi akamkaribisha kiti, kisha akainamisha macho.

"Mwanangu, usinifiche. Nimetengwa na kanisa?"

"Kutengwa? Kwa lipi, bibi?"

"Wiki ya tatu hii nasema Bwana asifiwe, hakuna anayeniitikia. Nimelala hapa naitafuta dhambi yangu, sijaiona."

Jamani! Mama wa watu alikuwa anasalimia, na sauti yake imefungwa. Katibu alitamani ardhi ipasuke. Pale pale kando ya kitanda akairudia programu ndogo, akawapigia wote. Bibi akasalimia, wakamwitikia kwa fujo, naye akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

Na sisi je? Tunauliza chombo kinabeba watu wangapi. Hatuulizi hao watu wanakuja kufanya nini. Tumepanua kanisa hili, tumeweka spika mpya, na mimi mchungaji wenu nimezifurahia kuliko wote. Lakini huyo aliyekaa kulia kwako, sauti yake uliisikia lini mara ya mwisho?

Usinijibu mimi. Mgeukie yeye.