Kompyuta ya Bi Mwatime

Palikuwa na mbuzi barazani kwa Sultani Dahman, au ndivyo kila mtu alivyodhani. Sultani alikuwa amefika ule ubeti mtamu kabisa wa utenzi aliojitungia kujisifu, wazee wamefumba macho kana kwamba wameguswa, mara ikasikika "meee". Kisha tena, "meee". Watu wakachungulia chini ya viti. Waziri akapandisha kanzu yake magotini, asije akatafunwa pindo.

Mbuzi alikuwa kiunoni mwa Bi Mwatime, mpishi wa harusi, aliyekuja na masinia ya pilau ya karamu. Yeye alijua tangu mlio wa kwanza. Alikuwa akijipapasa kwenye kanga kama mtu aliyeingiwa na siafu, fundo limekaza, na kila akilivuta mbuzi anazidi. Aliuweka mlio ule kwenye simu yake kwa sababu ngoma za harusini humeza milio mingine yote. Na siku hiyo asingethubutu kuzima simu, kwani binti yake Subira, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu alfajiri. Fundo lilipofunguka, simu ilikuwa imeshakata.

Sultani hakumkasirikia mbuzi. Alikiona kioo kikimeta, jicho likamtoka.

Jamani, Sultani huyu alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko wake zake: raia ruksa kuwa na simu, lakini kompyuta zote ni mali ya jumba. Zama za vitochi sheria hiyo haikumsumbua mtu. Zilipoingia simu janja, Sultani akaamka asubuhi moja akatangaza kuwa zile si simu hata kidogo, ni kompyuta zinazojificha mifukoni. Tangu hapo chumba kizima jumbani kilijaa vifaa vya watu, vikiita humo bila wa kuvipokea mpaka chaji zikaisha.

"Lete kompyuta yangu," akasema.

"Kompyuta yako siijui ilipo, Maulana. Hii ni simu yangu."

"Inapiga hesabu?"

"Za mchele na nazi tu."

"Inapiga picha?"

"Inapiga. Na mimi jana nilipiga kelele kumfukuza kunguru, sikuajiriwa mpiga mbiu."

"Inakumbuka mambo?"

"Kuliko Waziri wako."

Baraza ikaguna. Waziri akaanza kukanusha, akasahau alitaka kukanusha nini.

"Kinachopiga hesabu, kikapiga picha, kikakumbuka," Sultani akasema, "ni kompyuta."

"Maulana, mimi nafua, nashona, naimba, na harusi ikinoga nacheza mpaka bwana harusi anasahaulika. Lakini leo ulipotuma mtu kuniita, uliita mpishi. Hukusema niletwe na cherehani. Na mimi kifaa hiki nilikinunua nizungumze na mwanangu. Hayo mengine kinajipendekeza tu."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa upande wa mpishi, jambo ambalo Sultani hakulipenda. Akanyoosha kidole juu. Yeye ndiye Sultani, akasema, na hiyo ni kompyuta, na utenzi wake ulikuwa bado haujaisha.

Bi Mwatime akapima. Kubisha zaidi ni kulala kizuizini, na Subira kule hana mama. Basi akanyenyekea ghafla, sauti ikawa laini kama uji, kitu ambacho kingemwogofya mtu yeyote anayewajua wapishi.

"Imekuwa yako, Maulana. Pamoja na vilivyomo?"

"Pamoja na vilivyomo."

"Na vitakavyoingia?"

"Vyote. Na shughuli zake zote."

Akamwomba kadhi aseme kama amesikia. Kadhi akasema amesikia. Ndipo Bi Mwatime akakikabidhi kifaa kwa mikono miwili, na magoti akapiga.

Hakijashika joto la kiganja cha Sultani, kikaita. Sultani akabonyeza alipopaona pa kijani. Sauti ikajaa baraza nzima, maana Bi Mwatime huiacha kwenye spika, aongee na watu mikono ikiwa ndani ya sufuria.

"Mwatime, uko wapi we mwanamke? Nakupigia hupokei. Subira kajifungua. Pacha, wa kike wote, wazima."

Alikuwa Bi Shemsa, mama wa mkwewe. Bi Mwatime akafumba macho, midomo ikacheza kwa kushukuru. Miguu ilitaka kukimbia, akaikalia.

Bi Shemsa hakupumua. Mzazi wa kwanza hukandwa na mamake, akasema, wala halina mjadala. Maji yalikuwa motoni, majani yameshachumwa, uji wa pilipili manga unangoja mkorogaji. Yeye mwenyewe mgongo haumruhusu kuinamia hata pacha mmoja. Basi mtu apande gari leo hii, aje akande mzazi, aoshe watoto, akae mpaka arobaini.

"Bibi," Sultani akasema, "mimi ni Sultani Dahman."

"Na mimi ni Malkia Bilkisi. Nimepiga namba ya bibi wa watoto. Aliyepokea ndiye."

"Umekosea. Hii si simu. Hii ni kompyuta ya jumba."

"Kama si simu, mimi na wewe sasa hivi tunafanya nini?"

Kadhi alicheka wa kwanza, akajifanya amepaliwa. Waziri alikuwa ameshajilaza mkekani, kashika mbavu. Sultani akakiziba kifaa kwa kiganja, akamwinamia Bi Mwatime taratibu, kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie unakuja kumkanda mzazi, Maulana. Au nipe simu yangu niende mimi."